Maofisa Ugavi Wako Nyakato, Kazi Iko Visiwani

KILA mwaka, ifikapo mwezi wa Mei na tena mwezi wa Novemba, wako vijana wa Nyakato na wa kata nyingine za mji wetu wa Musoma wanaofunga safari kwenda kufanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Wamekwisha kusoma Mwanza, Arusha, Mzumbe au Dar es Salaam. Wazazi wao wamekwisha kuuza ng'ombe, au mtumbwi, au mavuno ya mwaka, ili ada ilipwe. Wakirudi huanza kungoja. Asubuhi utawaona wameketi kwenye maduka ya huduma za kompyuta, vyeti vyao vimo ndani ya mabahasha ya plastiki, wakitazama kama Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imetangaza nafasi za Afisa Ugavi Daraja la II, na kama imetangaza, ni nafasi ngapi kwa nchi nzima.

Wazazi hao wanatuuliza swali moja: je, kazi ya ugavi bado ipo? Swali hili linastahili jibu la kweli, wala halifai kujibiwa kwa maneno ya kutia moyo tu. Jibu letu ni kwamba kazi ipo, tena imeongezeka. Kilicho haba ni viti. Na palipo na kazi nyingi zaidi isiyokuwa na mwenyewe ni mbali na barabara ya lami, ng'ambo ya maji, katika visiwa vya ziwa letu. Huo ndio msimamo wetu, na tutaueleza.

Kwanza inafaa kukumbusha tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali iliunda Shirika la Biashara la Taifa, na mwaka 1973 shirika hilo likagawanywa na kuzaliwa Makampuni ya Biashara ya Mikoa, ambayo wazee wetu waliyazoea kwa jina la RTC. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1972, madaraka yalikuwa yamepelekwa mikoani. Mashirika ya umma yaliongezeka, na kila shirika lilikuwa na bohari, na kila bohari ilikuwa na mtu wa kuitunza. Mtu huyo aliitwa mtunza stoo, au kwa mkato "mstoo", na alikuwa mtu mkubwa mtaani. Katika miaka ya uhaba, mwenye ufunguo wa bohari alikuwa na rafiki wengi kuliko mwenye shamba. Mwaka 1981 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Taifa ya Usimamizi wa Vifaa, na kwa mara ya kwanza kazi hiyo ikatambuliwa kuwa taaluma yenye mitihani na usajili wake. Miaka miwili baadaye, 1983, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na si siri kwamba mabohari ya umma yalikuwa miongoni mwa mahali ambapo mali iliyeyukia. Hatuandiki haya kwa kuusifia wakati ule kupita kiasi.

Ukaja wakati wa kubinafsisha, miaka ya 1990. Makampuni ya mikoa yakafa. Hapa kwetu kiwanda cha nguo cha MUTEX kikafungwa, na bohari yake ya vipuri, iliyokuwa na watu wa kuhesabu kila bolti, ikabaki bila kazi. Wengi walidhani taaluma hii nayo imekwisha. Haikuwa hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2001, kisha ile ya 2004 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, kisha ya 2011, zilikuja na kanuni moja iliyobadilisha soko lote la ajira: kila taasisi ya umma inayonunua lazima iwe na kitengo chake cha usimamizi wa ununuzi, chenye wataalamu. Mwaka 2007 Bodi ya zamani ikarithiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na sheria yake ikasema waziwazi kwamba mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya kazi hii. Mwaka huo huo Bohari Kuu ya Serikali ikageuzwa kuwa Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini.

Kwa hiyo vyuo vikafungua milango. Hakuna aliyewadanganya vijana. Halmashauri, hospitali, vyuo vikuu, mamlaka za maji, wakala wa barabara, wote walihitaji maofisa, na mkoa wetu wa Mara peke yake una halmashauri tisa. Kijana aliyeanza masomo mwaka 2012 alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba amechagua vema. Ila mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa, na mwezi wa Aprili 2017 ikatangazwa kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa wa haki. Lakini wahitimu waliokuwa na vyeti halali waliongoja nje ya mlango nao walilipa sehemu ya gharama yake, na foleni iliyojikusanya wakati ule haijaisha hadi leo. Inafaa pia kukumbuka kwamba mlango wa utumishi wa umma unafungwa kwa mwombaji akishapita umri wa miaka 45, na miaka haingoji tangazo.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi, nalo halikuletwa na fedha wala siasa. Limeletwa na mashine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 zabuni zote za umma zinapita katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania kuchukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya mwaka 2023, ilianza kutumika tarehe 17 Juni 2024, na kanuni zake tarehe 1 Julai mwaka huo, na sasa kutumia mfumo huo ni lazima kisheria. Tunauunga mkono mfumo huu bila kigugumizi. Umeondoa sanduku la zabuni lililokuwa likifunguliwa na watu watatu chumbani. Umeondoa kisingizio cha barua iliyopotea. Mzabuni wa Bunda anaona tangazo saa ileile analoliona wa Dar es Salaam.

Lakini ni lazima kusema ukweli kuhusu kile ulichokichukua. Ofisini palikuwa na kijana wa kupiga chapa nyaraka za zabuni, wa kuuza nyaraka hizo na kuandika stakabadhi, wa kupeleka barua za mwaliko, wa kutunza daftari la waliorudisha, wa kujaza leja. Kazi hizo ndizo zilizokuwa ngazi ya kwanza ya msaidizi ugavi mwenye cheti au stashahada. Ngazi hiyo imekatwa. Anayehitajika sasa ni mtu wa ngazi ya tatu na ya nne: anayeweza kuandika mahitaji ya kiufundi yasiyompendelea mtu, kupima bei iliyo chini mno kuliko uwezekano, kusimamia mkataba baada ya kutiwa saini, kujua wakati wa kutoza fidia ya ucheleweshaji na wakati wa kuongeza muda. Vyuo vyetu, kwa jinsi tunavyowasikiliza wahitimu wenyewe, bado vinatoa muda mwingi kwa yale ya ngazi ya kwanza. Kijana anajua kuchora kadi ya bini kwa ufundi wa kupendeza, lakini hajawahi kuushika mkataba mmoja halisi mkononi.

Sasa tuje visiwani, maana huko ndiko neno letu linakoelekea.

Kwa miaka mingi sasa miradi midogo ya ujenzi wa umma, yaani madarasa, zahanati, nyumba za walimu, matundu ya vyoo, inajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: Serikali inapeleka fedha shuleni au kijijini, na jamii yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi. Mwaka 2021, katika mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimu shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa njia hiyo. Faida yake inaonekana kwa macho. Fedha imekwenda mbali zaidi kuliko ingalikwenda kwa mkandarasi, na mafundi wa vijijini wamepata riziki. Hatusemi utaratibu huu uachwe.

Tunachosema ni kwamba utaratibu huu umemfanya mwalimu mkuu kuwa afisa ununuzi bila kumfundisha ununuzi. Shuleni huundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wake ni walimu na wanakijiji. Ni watu waaminifu kwa sehemu kubwa. Lakini uaminifu haumwambii mtu tofauti ya bei ya kitu dukani na bei ya kitu kilipofika mahali kinapotumika.

Tuchukue mfano wa saruji. Tuseme shule moja iliyo kisiwani, kama Rukuba kwa Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, inahitaji mifuko 200. Kamati inakuja mjini, inapata bei katika maduka matatu, inachagua ya chini, inaandika. Saruji inapakiwa Mwigobero ndani ya mtumbwi wa injini. Njiani upepo unainuka, maji yanaingia, mifuko minane inalowa. Je, mifuko hiyo minane ni hasara ya nani? Kama hati ya ununuzi ilisema bei ni ya dukani, basi mali ilikuwa ya shule tangu ilipotoka dukani, na hasara ni ya shule. Kama ilisema bei ni pamoja na kufikishwa kisiwani na kupokelewa huko, basi hasara ni ya mwuzaji, naye ndiye atakayetafuta turubai nzuri na nahodha mwangalifu. Tofauti ni mstari mmoja wa maandishi. Mwalimu hakuufundishwa. Afisa ugavi aliufundishwa mwaka wa kwanza.

Na mambo hayaishii hapo. Nauli ya mtumbwi haina ankara iliyo sawasawa. Nahodha hana mashine ya stakabadhi za kielektroniki. Mkaguzi akija baada ya mwaka anaona malipo yasiyo na kielelezo, na anaandika hoja. Mwalimu anaitwa kujieleza kwa fedha ambayo kweli ilisafirisha saruji, na saruji ile kweli iko ukutani. Tunawafahamu walimu waliokosa usingizi kwa hoja za namna hiyo. Baadhi yao wanasema afadhali fedha za ujenzi zisije kabisa, na hilo ni neno zito kusikika kutoka kwa mtu anayefundisha watoto chini ya mti.

Tangu kuja kwa NeST hata ununuzi wa ngazi hii unatakiwa upite mfumoni. Fundi wa kijiji naye anatakiwa ajisajili. Mwaka 2024 madiwani wa sehemu mbalimbali walisikika wakilalamika kwamba miradi inachelewa kwa sababu hiyo, na Serikali ikaendelea kutoa mafunzo. Visiwani tatizo huwa maradufu kwa sababu mtandao wa simu ni dhaifu, na mwenye kompyuta ni mmoja. Matokeo yake ni jambo ambalo tunaliandika kwa kuwa lazima liandikwe: mkuu wa shule au mtendaji wa kijiji anavuka maji, anakwenda kwenye duka la kompyuta, na anamwachia kijana wa dukani nenosiri lake ili amfanyie kazi ya mfumo. Nenosiri ni saini. Aliyekabidhi nenosiri amekabidhi saini, na siku ya hesabu hawezi kusema hakuwapo.

Lakini tazameni kichekesho kilichomo humo. Yule kijana wa dukani anayejaza zabuni za shule kwa ujira wa shilingi elfu chache, mara nyingine, ni yuleyule mhitimu wa ununuzi na ugavi tuliyeanza naye. Serikali inamtumia bila kumwajiri, tena inamtumia mahali pabaya, bila kiapo, bila msimamizi na bila jina lake popote katika kumbukumbu. Ndiyo maana tumesema kazi ipo.

Tunajua wakubwa watatujibu nini, na jibu lao lina uzito. Watasema ikama ya halmashauri ina mipaka. Kwamba fungu la mishahara ni la taifa zima, na kila taaluma, walimu, wauguzi, maofisa ugani, inadai kuongezewa. Watasema kwamba maofisa ugavi wako makao makuu ya halmashauri, na ni wajibu wao kuzizungukia shule. Hoja ya kwanza tunaikubali. Ya pili tunaikataa. Afisa aliyeko makao makuu ana zabuni za barabara, dawa, samani na magari. Ana Bodi ya Zabuni ya kuiandalia vikao. Ana Afisa Masuuli anayemdai taarifa. Kumwambia azungukie pia shule na zahanati zote za wilaya, na avuke maji wakati wa upepo, ni kuandika wajibu kwenye karatasi tu. Na kila ofisa anayesoma safu hii anajua hivyo.

Hatudai afisa kwa kila kisiwa. Tunadai kwamba halmashauri zenye visiwa na mialo ya mbali zihesabiwe tofauti na zile ambazo pikipiki inafika kila mahali. Afisa mmoja kwa tarafa au kwa kundi la visiwa, mwenye ratiba ya kuwapo siku kamati inapoandika mahitaji na siku mali inapopokelewa, angaliokoa fedha nyingi kuliko mshahara wake. Wenzetu wa Ukerewe, wanaovuka Kisorya kwenda Rugezi na kutoka hapo kwenda visiwa vingine vingi, wana haja hiyo kubwa kuliko sisi. Na kama ikama ya mwaka huu imefungwa, upo mpango wa Serikali wa kuwapeleka wahitimu kupata uzoefu kazini. Hatujui kwa nini mhitimu wa ununuzi apelekwe kukaa nyuma ya kaunta mjini, hali kazi yenyewe inamngoja mwaloni.

Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa kwamba ununuzi ni suala la uhai. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Hatulitaji tukio lile kumtwisha mtu lawama, yaliyosemwa yalisemwa. Tunalitaja kwa kuwa kivuko, injini yake, vipuri vyake, jaketi la kuokolea maisha na pia kituo cha afya kinachompokea aliyeokolewa, vyote ni vitu vilivyonunuliwa na mtu fulani, kwa bei fulani, kwa maelezo fulani ya kiufundi yaliyoandikwa vizuri au vibaya. Hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa kabla ya kukamilishwa sehemu yake na kuanza kupokea wagonjwa, nayo sasa inahitaji kila siku dawa na vifaa vinavyoagizwa kwa mpango. Dawa iliyoagizwa kwa kuchelewa ni sawa na dawa isiyoagizwa.

Liko eneo jingine la kazi ambalo vijana wetu hawalitazami vya kutosha. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Aidha halmashauri zinatoa mikopo kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa mgawo wa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama kinaweza kukopa, kikanunua cherehani, kikashona sare, na kikauza sare hizo kwa taasisi ya umma. Kwa maandishi mnyororo umekamilika. Kwa vitendo unakatika pale pa kusajili kikundi katika mfumo, kupanga bei yenye faida, na kungoja malipo bila kufilisika. Hapo ndipo mhitimu wa ununuzi angeweza kujiajiri kwa halali: kuwa msaidizi wa vikundi kumi au ishirini, kwa ujira unaojulikana na kuandikwa. Halmashauri zikitaka zinaweza kuwatambua vijana hao kwa majina, ili kikundi kijue nani ni msaidizi na nani ni tapeli. Masharti yawe mawili tu, nayo ni magumu: msaidizi asishike nenosiri la mtu, na asisaidie vikundi viwili vinavyoshindania zabuni moja.

Kuhusu sekta binafsi tutasema kwa ufupi. Mkoani kwetu mnunuzi mkubwa kupita wote nje ya Serikali ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo, ambao tangu makubaliano ya mwaka 2019 umo chini ya kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Kanuni za mwaka 2018 zinataka migodi inunue kwa Watanzania na kuajiri Watanzania. Fursa ipo, lakini kijana asiende huko na shahada peke yake. Wanataka mtu anayesoma mkataba kwa Kiingereza bila kubabaika, anayeijua bima ya mizigo, na mara nyingi mwenye sifa za chuo cha wanunuzi cha Uingereza kijulikanacho kwa herufi CIPS. Tena Sirari si mbali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na Wakenya, ambao walipata serikali za kaunti 47 mwaka 2013, kila moja na idara yake ya ununuzi, wana vijana wengi waliokwisha kupata uzoefu ambao wetu wanaungoja.

Liko jambo moja ambalo wengi hunong'ona, nasi hatutalinong'ona. Wako vijana wanaoichagua taaluma hii kwa sababu wamesikia kwamba ina "marupurupu", yaani asilimia kumi ya mzabuni. Wako wazazi ambao nao, Mungu awasamehe, wamewachagulia watoto wao kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tuliopitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa neno amana kabla hatujajua kuandika majina yetu vizuri, na tulifundishwa kwamba mizani iliyopunjwa ina mwenye kuihesabu. Waliosoma kwa mapadri walifundishwa hayo kwa maneno mengine. Na wanachama wa TANU, kisha wa CCM tangu 1977, waliahidi kwa midomo yao kwamba hawatatoa wala kupokea rushwa. Viongozi wa nchi wamesema mara nyingi kwamba kiasi cha asilimia 70 ya bajeti ya Serikali hupitia katika ununuzi. Mtu anayekaa kwenye lango la mali kiasi hicho hawezi kuwa mtu wa kutafuta marupurupu. Kama kuna kijana wa Nyakato anayesoma safu hii na nia yake ndiyo hiyo, tunamshauri aache kabla hajalipa ada ya mtihani mwingine. Mfumo mpya unaweka kumbukumbu ya kila aliyegusa faili, siku na saa yake.

Kwa wale wengine, ambao tunaamini ndio wengi, tunatoa ushauri wa wazi. Malizeni mitihani ya Bodi. Tangazo la Serikali linamtaka anayetambuliwa nayo, na cheti cha chuo hakitoshi. Jifunzeni NeST mpaka ndani, upande wa mzabuni na upande wa mnunuzi, maana anayejua upande mmoja tu ni nusu mtaalamu. Someni sheria ya mwaka 2023 yenyewe, msitegemee muhtasari wa mwalimu. Na msikatae kwenda visiwani. Tumesikia wahitimu wakisema kwamba hawakusoma miaka mitatu ili wakalale mwaloni na wavuvi. Lugha hiyo haifai, na wavuvi ndio waliowalipia baadhi yenu ada.

Kwa Bodi tunaomba ifikirie kuwafikisha wakufunzi wake mikoani mara nyingi zaidi, kwa kuwa nauli na malazi vinamzuia mtoto wa maskini kabla mtihani haujamzuia. Kwa vyuo, tunaomba mwanafunzi asihitimu kabla ya kukaa na kamati ya shule moja kuanzia siku fedha zinapoingia hadi siku jengo linapokabidhiwa. Muhula mmoja wa namna hiyo unatosha kumfundisha yale ambayo hayamo vitabuni. Kwa Ofisi ya Mkoa na kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu tisa, ombi letu ni dogo zaidi. Mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Vikao hivyo vitakapokaa tena, madiwani waulize ukurasa wa ikama ya kitengo cha usimamizi wa ununuzi, wausome kwa sauti, na waulize ni afisa gani, kwa jina la cheo chake, atakayekuwapo Rukuba siku saruji inaposhushwa.